Kombo Alivyomlilia Faki

Wanangu, kila mkija kuniuliza kamera za zamani zilikuwaje, mie nawajibu kwa habari ya mchele, na nyinyi mnacheka. Chekeni. Lakini aliyepiga picha za sinema hapa Pemba zamani zile, kabla hajajua mwanga wala umbali, alijifunza kwanza kukaanga mchele. Kisiwa chetu kina unyevu. Kanzu ukiisahau sandukuni unaitoa imeota kawa, vile vidoa vya ukungu. Filamu ni utepe uliopakwa dawa, na dawa ile ukungu unaipenda kuliko kanzu. Basi tulikaanga mchele mkavu mpaka ukageuka rangi ya chai, tukauacha upoe, tukautia kwenye kifuko cha merikani na kukiweka ndani ya mkebe pamoja na filamu. Mchele ule ulikunywa unyevu wote. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Nyumba hii mchele wa sinema unapikwa kwa uangalifu kuliko mchele wa kula."

Mie ni Mabruki. Babangu alitoka bara akaja kufanya kazi kwenye mikarafuu, nami nikazaliwa Mtambile. Vita vya pili vilipokuwa vinamalizika nilipata kazi kwenye gari la sinema la serikali. Lilikuwa lori moja, ndani yake mashine ya umeme, mashine ya kuonyeshea na kitambaa kikubwa cheupe. Tulikwenda kijiji hadi kijiji tukionyesha filamu za kilimo, za maradhi, na mara mojamoja za kuchekesha.

Aliyenifundisha ni Fundi Salehe, Mngazija kutoka mjini Unguja, mwembamba, mkali, kofia yake imenyooka siku zote. Alinifundisha kupitisha utepe kwenye meno ya mashine nikiwa nimefumba macho. "Umeme ukizimika utafanya nini?" aliniuliza. "Utamwomba nani taa?" Alikuwa hapigi wala hatukani, lakini ukikosea anakuangalia mpaka unatamani angekupiga.

Siku ya kwanza kuniachia mashine peke yangu tulikuwa Chokocho. Nikatia filamu juu chini. Watu wakaonekana kwenye kitambaa wanatembea miguu juu, vichwa chini, na gari linapita kama nzi darini. Nikangoja kelele. Hakuna kelele. Watu wa Chokocho wana adabu yao. Waliinamisha shingo upande, wakaangalia kimya mpaka utepe ukaisha. Kisha mzee mmoja akaja kunipa mkono. "Ahsante sana, mwanangu. Picha nzuri. Lakini watu wa huko, hawasikii kizunguzungu?"

Fundi Salehe aligeuza uso, na mabega yake yakawa yanatikisika. Ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka.

Baadaye alirudi Unguja, nami nikabaki na gari. Ofisi ikanipa na kamera ndogo ili nipige picha za mavuno ya karafuu. Ilikuwa kamera ya kutia ufunguo, kama saa ya ukutani. Unazungusha ufunguo mpaka ukaze, unabonyeza, inanguruma, na kabla hujamaliza kusoma Alhamdu kwa utulivu imeshasimama. Nyinyi leo mnapiga mpaka mkono unachoka, ndipo mnafikiri. Sisi tulifikiri kwanza, kwa sababu kila kipande kilikuwa kifupi, na mikebe ya filamu ilikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Na picha yenyewe hukuiona. Ulifunga mkebe, ukaupeleka ofisini, ukasafirishwa kwa meli kwenda kusafishwa Ulaya, na miezi ikapita. Uliishi na picha kichwani hujui kama imetoka au imekuwa nyeusi tupu.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe mnaloniuliza kila siku, ile filamu ya wanafunzi.

Skuli ya Mtambile alikuwako mwalimu kijana akiitwa Mwalimu Shaame, ametoka kusomea ualimu Unguja, ana mambo mengi kichwani na suruali moja ya heshima. Aliponiona na kamera hakuniacha. "Fundi Mabruki, wanafunzi wangu wa darasa la mwisho wanaweza kutunga mchezo. Tuupige sinema." Nikamwambia kamera si yangu. Akaenda mwenyewe ofisini, akazungumza na Bwana aliyekuwa mkubwa wangu, na sijui alimwambia nini, Bwana akakubali. Sharti lake lilikuwa moja: filamu iwafundishe watu kumpeleka mgonjwa wa homa hospitali mapema.

Wanafunzi wakatunga. Marafiki wawili wanasoma pamoja. Mmoja anashikwa na homa, anaificha ili asikose mtihani, anapelekwa hospitali amechelewa, anakufa. Mwenzake anabaki. Hospitali waliitia kwa ajili ya Bwana. Kilichobaki kilikuwa chao wenyewe: rafiki akifa, yule anayebaki anafanya nini na siku zake?

Hapakuwa na haja ya kutafuta marafiki wa kuigiza. Skuli nzima iliwataja kwa pamoja, Kombo na Faki. Kombo alikuwa wa kisiwa kidogo cha Makoongwe, mtoto wa pekee wa mjane mmoja, Bi Mize, aliyemlea kwa kusuka mikeka na kuuza dagaa wakavu. Alikuwa mrefu, mwenye maneno, akipita njiani anamsalimu hata mbuzi. Faki alikuwa wa Chokocho, mfupi, kimya, mtu wa kutikisa kichwa kwanza na kujibu baadaye. Kwao kote kulikuwa mbali na skuli, kwa hivyo walikaa kwa shangazi yake Faki hapa Mtambile. Kitanda kimoja, sahani moja, taa moja ya kusomea. Wiki hii wakienda Makoongwe kwa Bi Mize, wiki ijayo Chokocho.

Nani afe? Waligombana kweli. Kombo alitaka kufa yeye. "Maiti hana kazi, Mwalimu. Analala tu. Mie kulala naweza."

Tukamjaribu. Tukamlaza kitandani, tukamfunika shuka. Shuka ikawa inatikisika. Mwalimu akamwambia tulia. Akatulia, kisha miguu ikaanza kutikisika. Hakuweza kukaa bila kucheka. Tukamweka Faki badala yake. Faki alilala kama aliyelazwa na Mungu mwenyewe, hata kope hazikusogea. Basi ikaamuliwa hivyo: Faki ndiye afe, Kombo amlilie.

Tulianza na kilio kabla ya urafiki. Mnajua wenyewe kwamba filamu haipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Ndani ya nyumba zetu mlikuwa na giza, na kamera ile haikuona gizani. Jirani mmoja alikuwa ameezua nyumba yake ili atie makuti mapya, nyumba imebaki kuta tupu, jua linaingia hadi chini. Nikaona hapo ndipo chumba cha mgonjwa. Lakini mwenyewe alikuwa na haraka ya kuezeka, kwa hivyo tukapiga kwanza ugonjwa na kifo na kilio. Safari zao, michezo yao, kusoma pamoja, hayo tukayaweka hadi baada ya likizo ya mavuno. Tuliona wakati upo mwingi.

Kanzu zao zilikuwa nyeupe mno, zinang'aa kama taa na kuzila sura. Nikazichovya kwenye maji ya chai. Shangazi alipoziona alishika kiuno. "Fundi, nguo zangu nazifua wiki nzima, weye unazitia uchafu kwa makusudi?" Shuka alikataa katakata kutoa nyeupe. Alitoa ya maua. "Mchezo ni mchezo, lakini mtoto wa ndugu yangu simfuniki nguo nyeupe." Ilimtia wasiwasi, na nilimwona akisoma kitu kimya kimya, akampulizia Faki kichwani.

Kumliza Kombo kulitutoa jasho. Mwalimu alimpa kitunguu, akapiga chafya. Alimwambia afikirie jambo la huzuni; akasema amefikiria mtihani wa hesabu, na sote tukacheka, na mwanga ukawa unakwenda. Mwisho nikamwambia, "Kombo, achana na kulia. Nenda tu, mfunue uso mwenzio, mwite."

Nikakaza ufunguo. Akaenda, akafunua shuka. Faki alikuwa ametulia vile alivyojua kutulia, na jua lilikuwa linampiga, uso umekuwa mkavu hauna rangi. Kombo akamwita, "Faki." Kimya. "Faki, amka." Midomo yake ikaanza kucheza. Akampapasa shavu, akamtikisa bega. "We Faki, bwana, amka!" Sasa haigizi tena. Machozi yakatoka, akaweka paji la uso kwenye kifua cha mwenzake, mgongo mzima unaruka. Nilishika kamera nikiomba ufunguo usiishe. Ulipoisha, Faki alifungua macho akasema, "Mie mzima, bwana, unaniumiza mbavu." Kombo akampiga kofi la bega kwa hasira ya kweli, kisha wakacheka mpaka wakakaa chini.

Mikebe ikafungwa, ikapelekwa. Skuli ikafungwa kwa mavuno, na vijana wakaenda mashambani.

Nyinyi mmezaliwa na mikarafuu, hamna haja ya kuelezwa. Tawi lake halipindi kukuonya, linakatika. Kombo alikwenda kuchuma katika shamba moja jirani na Mkoani ili amsaidie mamake. Alipanda juu kufuata kishada, tawi likakatika, akaanguka. Alifika kwao kwa mashua akiwa maiti, akazikwa Makoongwe siku ile ile.

Habari ilimfikia Faki Chokocho wakati wenzake wanarudi mazikoni. Alikwenda Mkoani kwa miguu, akapata mtu wa kumvusha. Alipofika Makoongwe, kwa alivyonisimulia yule mtu aliyemvusha, alishuka, akasimama ufukweni, anaangalia ile njia ya kupandia kwa Bi Mize. Alisimama hivyo mpaka mvushaji akadhani anaumwa. Kisha akarudi mashuani, akakaa. "Nirudishe," akasema.

Maneno yalikuwa yameshaanza. Wamechezea maiti. Wamemfunika mzima, wamemlilia mzima, na mauti yakaja kutafuta chake. Nilisikia gengeni, nilisikia kisimani, na mtu mmoja alinyamaza nilipopita, ndipo nikajua wanasema mie ndiye niliyeleta kile chombo cha kupigia picha.

Skuli ilipofunguliwa Faki alirudi, lakini hakusema na mtu. Anakuja, anakaa, anaandika, anakwenda. Shangazi yake aliniambia kijana halali kitandani, analala chini kwenye jamvi, kitanda kiko kitupu. "Nikimuuliza ananiambia kuna joto. Joto gani, Fundi, na hii mvua?"

Katikati ya hayo ndipo filamu iliporudi kutoka Ulaya.

Tuliitazama peke yetu, mie na Mwalimu Shaame, ukutani kwake mchana, madirisha yamefungwa. Kombo alitokea. Mrefu, mabega yake yale, anainama kupita mlangoni. Anafunua shuka. Ile picha haikuwa na sauti, lakini mdomo wake ulisomeka: Faki, Faki. Aliyekufa anamlilia aliye hai. Mwalimu aliondoka, akasimama kona ya chumba akiangalia ukuta. Nami nilizima taa ya mashine kwanza ndipo nikasimamisha utepe. Mkumbuke hilo, wanangu, ukisimamisha utepe taa ikiwaka, joto linautoboa. Mikono inatakiwa ikumbuke kazi hata roho ikiwa imeshughulika.

Ofisi ikaulizia filamu imefika wapi. Palikuwa na mkebe mmoja umebaki, na nusu ya hadithi haijapigwa. Mwalimu akapata shauri. Darasani kulikuwa na kijana mwengine mwenye urefu kama wa Kombo. "Tumpige kwa nyuma tu. Anatembea na Faki, anapanda mashua, hatuonyeshi uso. Watu hawatajua." Kwa kazi, shauri lile lilikuwa sawa. Nimelifanya mara nyingine katika filamu nyingine. Lakini nilimwambia hatulifanyi bila ya kumuuliza mamake.

Tukavuka. Bi Mize alikuwa ukumbini mwake anasuka ukili wa mkeka, na jirani yake mmoja yupo naye. Mwanamke mfupi, mwembamba, macho yake makavu. Tulimwamkia, tukampa pole upya, tukaletewa maji. Mwalimu akaeleza habari ya filamu na kijana wa kupigwa kwa nyuma. Alieleza vizuri, kwa adabu. Bi Mize alisuka mpaka akafika mahali pa kuunga ukindu, akaunga, ndipo akasema.

"Mwanangu hakuwa mgongo, Mwalimu."

Mwalimu akainamisha kichwa. "Ni kweli, Bi Mize. Tusamehe."

"Hiyo iliyokuwepo, yeye anafanya nini?"

Nikajibu mie. "Analia, Bi Mize. Hadithi yenyewe, rafiki yake amekufa."

"Anamlilia nani?"

"Faki."

Yule jirani akatoa sauti, "Yarabi! Hayo ndiyo yaliyomponza. Bi Mize, usiyatazame hayo."

Bi Mize hakumwangalia. "Nilimuuliza Shehe," alituambia sisi. "Nilimwendea mwenyewe, nikamwambia, Shehe, watu wanasema mwanangu ameyaita mauti kwa mchezo. Shehe akanambia, Bi Mize, mauti hayakai dirishani kusikiliza watoto wakicheza. Siku yake imeandikwa kabla hujamzaa. Nikarudi nyumbani nikalala usingizi." Akavuta ukili. "Na huyo Faki yuko wapi? Mbona haji? Alikuwa akija hapa hata Kombo asipokuja. Alikuwa na kikombe chake."

Nikamwambia niliyoyasikia kwa shangazi yake, kwamba Faki hasemi na mtu na analala chini kwenye jamvi.

"Nataka kumwona mwanangu," akasema. "Lakini usiku sivuki. Nionyesheni mchana, niwahi mashua ya kurudi."

Nikaenda ofisini kumwambia Bwana kwamba filamu haitamalizika, aliyekuwa mhusika mkubwa ameshafariki. Aliuliza maswali machache, akasema nibaki nayo, watu wa homa watatafutiwa filamu nyingine. Basi nikakaa kuunganisha vile vipande tulivyokuwa navyo. Kazi ile ilikuwa ya wembe na gundi. Unakwangua dawa mwisho wa kipande, unapaka gundi, unabana na kungoja. Gundi ilinuka ndizi mbivu, na watoto wa jirani walikuwa wakija dirishani kuuliza kama tuna ndizi. Pale Kombo anapolia sikukata hata kidogo. Fundi mwengine angelisema pamekuwa parefu mno. Mie nilipaacha parefu.

Mahali pa kuonyesha mchana ni shida, kwa sababu sinema inataka giza. Mwenye ghala moja la karafuu hapa Mtambile alitupa ghala lake, msimu umekwisha, limebaki tupu na harufu yake. Tukaziba madirisha kwa magunia, na mianya ya mlango kwa majamvi. Wanawake upande wa kulia, wanaume kushoto. Sikutangaza, lakini watu walijaa. Wengine walikuja kuona kama yule mama atazimia. Bi Mize alikaa mbele, mikono mapajani, na Shehe mwenyewe alikuja akakaa upande wa wanaume, jambo lililowanyamazisha wengi.

Faki hakuwemo. Mwalimu alikuwa amemwambia, akatikisa kichwa tu, haikujulikana ni ndiyo au hapana.

Nikawasha. Picha ya kwanza ni chumba, kitanda, kijana amelala anatetemeka kwa homa. Filamu zile hazikuwa na sauti, kwa hivyo kazi yangu ilikuwa kusimama pembeni na kueleza kwa mdomo. Lakini hadithi ilianzia katikati. Watu hawakuelewa. Bibi mmoja akauliza kwa sauti, "Hawa ni nani? Wana nini?" Mie nikafungua mdomo, na wallahi sikujua nianzie wapi.

"Fundi, zima kwanza."

Ilikuwa sauti ya Faki. Alikuwa ameingia, amesimama nyuma kabisa karibu na mlango. Nikazima taa, nikasimamisha utepe. Ghala likawa giza tupu.

"Hadithi hii imekosa mwanzo," akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika. "Mwanzo hatukuupiga. Nitausema mie.

"Hawa ni Kombo na Faki. Kombo alikuja skuli siku ya kwanza hana kofia, upepo wa bahari umeichukua. Mwalimu wetu wa wakati ule alikuwa hamruhusu mtu asiye na kofia. Mie nilikuwa simjui. Alinijia akanambia, niazime kofia yako niingie, kisha nitakurushia dirishani nawe uingie. Tukaingia wote kwa kofia moja. Mwalimu alijua, lakini alicheka akatuacha.

"Tulilala kitanda kimoja kwa shangazi. Yeye anaota anasema. Anauza dagaa ndotoni. Nilikuwa namjibu, nanunua, naomba apunguze bei, asubuhi namwambia deni lake, anakataa."

Watu wakacheka gizani, kicheko kidogo, kama waliokatazwa.

"Alikuwa anajua kuogelea, mie sijui, na mie ni mtu wa Chokocho, wa pwani. Alinificha aibu hiyo. Tukienda pwani na wenzetu anasema leo ana kikohozi, haingii majini, na Faki abaki naye. Kila siku kikohozi. Mpaka Bi Mize akampikia dawa, na aliinywa. Aliinywa yote, ilikuwa chungu, ili asinitaje.

"Basi ndio hao. Sasa mmoja wao anaumwa. Washa, Fundi."

Nikawasha. Sikueleza kitu tena, hapakuwa na haja. Kijana kitandani akatulia. Kombo akaingia ameinama mlangoni, na ghala zima likavuta pumzi. Akafunua shuka, akamwita mwenzake, akamtikisa, akaangua kilio. Nilikuwa nimeshaiona picha ile mara nyingi, nikageuka kuangalia watu. Faki alikuwa amekuja mbele bila ya kujijua, amesimama katikati ya wanaume na wanawake, mwanga wa kitambaa unamcheza usoni. Alikuwa anamwangalia rafiki yake akimlilia. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Ndiyo mara ya kwanza kulia tangu mazishi, shangazi yake aliniambia baadaye.

Utepe ukaisha. Kitambaa kikabaki cheupe. Hakuna aliyeinuka kutoka, hata wale waliokuja kuona mtu akizimia. Kisha Bi Mize akasema, "Mara nyingine, Fundi, tafadhali."

Nikaurudisha utepe, nikauonyesha tena. Mara hii alikuwa akitabasamu kidogo pale mwanawe anapoinama mlangoni. "Aliinama hivyo hivyo kila siku," alimwambia mwanamke aliyekaa naye, "na kichwa alijigonga hivyo hivyo."

Tulipofungua mlango, jua likatuumiza macho. Watu walitoka polepole. Shehe alimpa Faki mkono akaushika kwa muda, akampigapiga bega, akaenda zake. Bi Mize alikuwa amesimama na kapu lake. Faki alikuwa anataka kupita nyuma ya watu, Bi Mize akamwita.

"Faki."

Akaja, macho chini. "Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Mbona hukuja kwangu?"

Mie nilikuwa nakunja kitambaa, nikakikunja polepole, nisionekane nasikiliza wala nisikose neno.

"Nilikuja," akasema mwisho. "Nikafika pwani. Niliogopa utaniangalia, uone mie mzima na yeye..."

"Nitakuangalia ndiyo!" Bi Mize alisema kwa ukali. "Nina nani mwengine wa kumwangalia?"

Faki akafunika uso kwa mikono. Bi Mize alimwacha alie mpaka akapungua, hakumbembeleza, alisimama tu karibu naye kama mtu anayengoja mvua ipite. Kisha akampa lile kapu.

"Beba. Umekonda, unatisha. Leo kuna samaki wa kupaka. Na kesho Ijumaa, skuli hakuna, utakaa."

Wakashika njia ya kwenda kungojea gari la Mkoani, yeye mbele, kijana nyuma na kapu. Nanyi mnaoniuliza filamu ile ilimalizikaje, mie nawajibu kwa niliyoyasikia pale. Bi Mize alikuwa anamgombeza. Alimgombeza kwa kutokula, kwa kulala chini kwenye jamvi na mvua ile, kwa kutokujua kuogelea na ukubwa wote ule, mtu wa Chokocho mzima, na kwa dawa yake nzuri ya kikohozi iliyonywewa bure. Faki akawa anaitikia, "Ndiyo, Bi Mize. Ndiyo, Bi Mize," na baada ya hatua chache nikamsikia, kwa sauti ndogo, anaitikia, "Ndiyo, mama."